Ustadi Hauhalalishi Kamari

Hotuba ya Ijumaa kutoka Wawi, Pemba

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyetufungulia milango mingi ya halali na akatufungia milango michache ya haramu. Tunamhimidi, tunamuomba msaada, na tunamuomba maghfira. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na Ali zake na Sahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi wasikilizaji wetu mlioko majumbani, madukani na mashambani, Assalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Nakuusieni nyinyi, na naiusia nafsi yangu kwanza, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Nimeitanguliza siri kwa sababu mas-ala tutakayoyazungumza leo hufanyika zaidi kwa siri, usiku, ndani ya chandarua, kwa mwanga wa simu.

Wazee wetu waliijua kamari kwa sura yake ya zamani: watu wanne wamekaa chini ya mkarafuu, karata zimechakaa, na mtoto amewekwa njiani kuchungulia asije mtu. Leo hapana haja ya mti wala mlinzi. Kijana amelala chumbani kwao, mama yake anadhani anadurusu masomo ya skuli, kumbe yumo mezani na watu asiowajua, anacheza mchezo wa karata unaoitwa poka. Na ukimuuliza, hasemi kuwa anacheza kamari. Anasema anajifunza. Ana daftari ameandika hisabu, anatazama mafunzo ya mabingwa, anapima leo amepanda kiasi gani kuliko jana.

Kijana huyu ana hoja, na inafaa tuisikilize kabla ya kumlaumu. Anasema: "Maalim, bahati nasibu ni ya mtu asiyejua kitu. Huu ni mchezo wa akili. Mwenye kujua hisabu humshinda asiyejua. Vipi liwe haramu jambo nililolipata kwa akili yangu na juhudi zangu?" Hoja hii si ya kuchekwa. Tutaijibu hatua kwa hatua, Inshaallah.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Karata ni 52, za aina nne: shupaza, kopa, uru na pau. Katika namna ya poka iliyoenea zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili zilizofunikwa, na karata tano hufunuliwa mezani kidogo kidogo kwa watu wote. Kila zinapofunuliwa, wachezaji huongeza dau au hujitoa. Karata mbili za mwanzo zinaweza kuja kwa njia 1,326. Kupata ree mbili, ambazo ndizo kubwa kuliko zote, ni mara moja katika mara 221. Na ukizichukua karata tano kutoka katika 52, mikono inayowezekana ni 2,598,960. Mwenye kuzijua hesabu hizi, akajua lini aongeze na lini ajitoe, akajua kuusoma uso wa mwenziwe na kuuficha wa kwake, baada ya mizunguko mingi atamshinda asiyejua.

Basi tukubali kwamba ustadi upo. Dini haitetewi kwa kukanusha lililo kweli. Suala ni hili: je, ustadi huo unaiondoa hukumu ya kamari?

Ndugu Waislamu, suala hili lilijibiwa kabla ya poka kujulikana. Kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277 wa Miladi, ni katika vitabu mashuhuri vya madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu hapa kisiwani tunayafuata. Ndani yake Imamu Nawawi anautaja mchezo wa nardi, unaochezwa kwa kurusha dadu, na anauhukumu kuwa ni haramu kwa kauli iliyo sahihi. Kisha anautaja mchezo wa sataranji, nao anauhukumu kuwa ni makuruhu. Halafu anaongeza sharti fupi lenye uzito mkubwa: pakiwekwa mali kutoka pande zote mbili, sataranji hiyo hiyo inakuwa kamari.

Tulizingatie sharti hili. Sataranji haina dadu, haina karata iliyofunikwa, haina bahati ya kuchanganya. Wachezaji wawili wanaona kila kitu kilichoko ubaoni, na hushinda mwenye akili zaidi. Hapana mchezo wenye ustadi mtupu kuliko huo. Na juu ya hayo, pande zote mbili zikiweka dau, hukumu inageuka. Imedhihiri basi kuwa ustadi haukuingizwa katika kuipima kamari. Kinachotazamwa ni mali: kila mmoja ameweka chake, na kila mmoja yumo baina ya mambo mawili, ama achukue cha mwenziwe bure, ama aondokewe na chake bure. Ikiwa sataranji haikuokolewa na ustadi wake, poka yenye karata za kufunikwa itaokolewa na nini?

Mwengine atasema: "Mimi nikishinda, sitokula peke yangu. Nitawapa masikini, nitachangia msikiti." Huyu naye alikwisha kujibiwa. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa na kamari yao ya maysiri. Walikuwa na mishale kumi. Saba ilikuwa na mafungu, kuanzia fungu moja mpaka mafungu saba, na mitatu haikuwa na kitu. Ngamia huchinjwa, mishale ikatikiswa mfukoni, ikatolewa mmoja mmoja kwa majina ya watu. Walioshindwa walilipa thamani ya ngamia. Na walioshinda, katika desturi yao, waliwagawia mafakiri nyama ile na kujifakharisha kwa ukarimu wao. Yaani kamari ile ilikuwa na sadaka ndani yake. Qurani haikukanusha kuwa manufaa yamo. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa katika ulevi na kamari kuna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Kisha katika Suratul Maida, aya za 90 na 91, amekata shauri: tuyaepuke. Na akatutajia sababu: shetani hutaka kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia tusimkumbuke Mola wetu wala tusisali.

Sasa tuutazame ustadi wenyewe, kwani kijana wetu anaupenda kwa sababu ni ustadi. Tujiulize: unamfaa nani?

Fundi wa ngarawa akizidi ustadi, mvuvi husafiri kwa salama. Mvuvi akizidi ustadi, samaki huongezeka sokoni. Mchumaji wa karafuu akiujua mti, akachuma bila ya kuvunja matawi, mwenye shamba hupata msimu huu na msimu ujao. Katika kazi hizi zote, ustadi wa mmoja ni riziki ya wengi, kwa sababu kitu ambacho hakikuwepo kimekuwepo.

Meza ya kamari haizai kitu. Wakikaa vijana watano, kila mmoja na shilingi 10,000, mezani pana shilingi 50,000. Wakesha mpaka alfajiri, wawe mabingwa wa dunia nzima, shilingi hizo hazitofika 51,000. Bali zitapungua, kwani mwenye meza au mwenye programu hukata fungu lake kila mzunguko, na yeye hapotezi kamwe. Kwa hivyo kila shilingi aliyoipata mshindi, pana mtu aliyeipoteza. Ndio maana walimu wa mchezo huu huwafundisha wanafunzi wao jambo moja mapema sana: usikae na walio hodari kuliko wewe, itafute meza yenye wanyonge. Ustadi wa poka umesimama juu ya nguzo mbili, kumficha mwenzio ulichonacho, na kumtafuta aliye dhaifu kuliko wewe.

Na huyo dhaifu ni nani? Ni mtoto wa jirani yako, aliyeshinda juu ya mkarafuu tangu asubuhi akalipwa kwa pishi. Ni mwanafunzi aliyepewa nauli na ada na baba yake. Ni mtu aliyekwisha kupoteza usiku huu na anataka kurejesha. Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu ametukataza kuliana mali zetu kwa batili, akaivua biashara iliyo kwa kuridhiana. Pengine utasema kuwa mcheza kamari naye ameridhia. Ndugu yangu, mcheza kamari ameridhia kuchukua, hakuridhia kutoa. Muuza samaki na mnunuzi wote wawili huondoka wakiwa na walichokitaka. Kwenye kamari, mmoja huondoka na chake na cha mwenziwe, na wa pili huondoka na kinyongo. Hicho kinyongo ndio uadui tuliotajiwa katika aya.

Tena tumuulize mwanafunzi wa poka: huyo aliyeko upande wa pili wa kioo cha simu, unamjua? Januari 2017, huko Pittsburgh nchini Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza poka na mabingwa wanne kwa siku 20, mizunguko 120,000, na ikawashinda. Mwaka 2019 programu nyengine, Pluribus, iliwashinda mabingwa katika meza ya watu sita. Mashine haichoki, haina usingizi, wala haioni haya. Kijana wa Wawi aliyesoma mafunzo ya miezi mitatu anadhani amekaa na mnyonge mwenziwe, na hana njia ya kujua kama amekaa na mtu au na mashine. Aliyekwenda kuwinda huenda yeye ndiye anayewindwa.

Na hukumu hii haiishii kwenye poka. Vijana wengi zaidi wanabeti juu ya mechi za mpira, na karatasi yao wameipa jina la mkeka. Subhanallah! Mkeka kwetu ni kitu kitukufu. Juu ya mkeka tunasali, juu ya mkeka tunaanika karafuu, juu ya mkeka tunasomesha watoto Qurani. Leo jina hilo limechukuliwa likatiwa katika kamari. Nao wanajinasibu na ustadi vile vile: "Mimi naujua mpira." Basi tufanye hisabu. Mtu akichagua mechi kumi, na kila moja ikawa na nafasi sawa ya kupata au kukosa, mkeka wote kupata ni mara moja katika mara 1,024. Karafuu ukizianika juani siku kadhaa, zitakauka. Mkeka huu wa pili unaanikiwa nini?

Nasema maneno yangu haya, na namuomba Mwenyezi Mungu atughufirie mimi na nyinyi na Waislamu wote. Muombeni maghfira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema zake, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, madhara ya kamari hayaonwi na Waislamu peke yao. Mwaka 2019 serikali ya Uganda ilitangaza kutotoa leseni mpya kwa makampuni ya kubeti. Mwaka huo huo serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za makampuni kadhaa, na Aprili 2025 ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya maradhi lililoanza kutumika Januari 2022, limeuhesabu uraibu wa kamari kuwa ni maradhi. Na palipotolewa leseni pia, tukumbuke kuwa leseni si fatwa. Karatasi ya ofisini haiigeuzi haramu ikawa halali.

Sasa tuje kwenye mambo ya kutenda, kwani hotuba isiyomfikisha mtu nyumbani na la kufanya ni pungufu.

La kwanza, michezo ya barazani. Watu hucheza bao, keram, dhumna na karata. Wanavyuoni wa Kishafii wametofautisha baina ya mchezo unaotegemea hisabu na fikra, na mchezo unaotegemea kubahatisha. Wakaulegezea ule wa kwanza, wakauzuia ule wa pili. Lakini hata ule uliolegezewa una masharti: usicheleweshe Sala, usiwe na matusi, na usiwe na dau. Na dau si lazima liwe noti. Mkisema, "Atakayefungwa atanunua soda," mmekwisha kuweka dau. Ikiwa mnataka soda, anunue mmoja wenu kwa hiari yake, au mchange wote kwa usawa, kisha mcheze.

La pili, mashindano ya mpira. Mpira si haramu, na vijana kunyoosha viungo ni jambo jema. Lakini pakiwa kila timu inatoa fedha, fedha hizo zikakusanywa akanunuliwa mbuzi au ng'ombe, na mshindi akamchukua, hapo kila timu imeweka chake ili ima ipate cha wenzake au ikose. Njia ya kusalimika ni nyepesi. Fedha za timu zitumike kwa mpira, waamuzi na kiwanja. Zawadi itolewe na mfadhili asiyeshindana. Viongozi wa timu wayatengeneze haya kabla mashindano hayajaanza.

La tatu, kualikana. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) amemuamrisha mtu aliyemwambia mwenziwe njoo tucheze kamari, atoe sadaka. Huyo amesema tu, bado hajacheza. Itakuwaje kwa anayewapelekea wenziwe kumi mwaliko wa kujiunga kwa simu, ili yeye apewe zawadi kwa kila atakayeingia? Na vijana mjue kuwa programu hizi hukupeni kwanza fedha za bandia, za bure, ili mjifunze. Chambo nacho kwa samaki ni cha bure.

La nne, toba. Aliyekwisha kuingia asikate tamaa. Aache, ajute, aazimie kutorejea, na aifute programu leo hii kabla ya Magharibi. Mali aliyoishinda, akimjua mwenyewe amrejeshee. Asipomjua wala hawezi kumpata, aitoe katika maslahi ya Waislamu kwa nia ya kujisafisha, bila ya kutaraji malipo ya sadaka. Aliyeshindwa asiirudie meza kwa kutaka kurejesha. Huko kurejesha ndiko kulikowazamisha wengi. Dau lililoshindwa si deni la kisharia. Lakini aliyekopa fedha kwa ndugu au rafiki akazipeleka kwenye kamari, deni lile ni haki ya mwenye kukopesha, na lazima alilipe.

La tano, wazee. Msimu wa karafuu unapofika, fedha huingia katika mikono ya vijana kwa wingi na kwa ghafla. Mzee mwenye busara hukaa na mwanawe kabla ya fedha kuja, wakapanga: hizi za mama, hizi za skuli, hizi za akiba, hizi za kitoweo. Na ukigundua kuwa mwanao amekwisha kunasa, usimtoe nje ya nyumba wala usimtahayarishe mbele ya watu. Mwenye kutahayarishwa hujificha, na mafichoni ndipo kamari inapostawi. Kaa naye, ujue anadaiwa nini na nani, umshikie fedha zake kwa muda kwa ridhaa yake, umsindikize msikitini. Huyu ni mgonjwa na ni mwenye kosa kwa pamoja. Anahitaji dawa na nasaha. Na nyinyi mama zetu, ambao aghlabu ndio mnaoona kwanza kuwa mtoto halali usiku na kitu kidogo kidogo kinatoweka nyumbani, msifiche kwa huruma.

La sita ni kwa wanafunzi. Mwanangu, ikiwa kilichokuvutia katika poka ni hisabu, basi hisabu ichukue, kamari iache. Mwaka 1654 wanahisabu wawili wa Ufaransa, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya suala la wachezaji: mchezo ukikatika katikati, dau ligawiwe vipi kwa haki? Kutokana na barua zile ilikua elimu ya uwezekano. Leo elimu hiyo inatumika kupima kama dawa inaponesha, kutabiri mvua, kujua mbegu gani inafaa shamba gani. Mkulima wa Pemba anaihitaji mvua itabiriwe. Anaiogopa mvua karafuu zikiwa zimeanikwa. Akili iliyoweza kuhesabu mara moja katika 221 inaweza kuwa akili ya daktari, ya mhandisi, ya mwalimu wa hisabu katika skuli zetu ambazo zina haja naye. Itakuwa hasara kubwa akili kama hiyo ikatumika kumvua mtoto wa jirani shilingi zake usiku.

Ndugu Waislamu, kesho mbele ya Mola wetu tutaulizwa juu ya mali: tuliichuma wapi, na tuliitumia katika nini. Mchumaji wa karafuu ana jibu la suala la kwanza. Atasema, niliichuma mtini, kwa mikono yangu. Tujitahidini nasi tuwe na jibu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Walinde vijana wetu wanaume na wanawake, mashambani na mijini, na kila kishawishi kilicho dhahiri na kilichojificha. Waliotumbukia uwatoe, waliotubu uwakubalie, wenye madeni uwafanyie wepesi. Bariki mashamba yetu, bahari yetu na masomo ya watoto wetu. Warehemu wazee wetu waliotangulia, utupe salama katika visiwa vyetu na katika nchi zote za Waislamu, na utupe mwisho mwema. Amin, ya Rabbal-alamin.

Simamisheni Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.